Wa Chini Apate Thelathini

Mtihani ulikuwa mgumu kwa sababu mtunzi wake alitaka uwe mgumu. Tuanzie hapo, tusidanganyane. Mwalimu wa hesabu wa kidato cha tatu alikuwa mtu wa kujivunia maswali yake kama wengine wanavyojivunia watoto wao, na mwaka huo alitunga maswali kumi yaliyomfanya acheke peke yake mezani. Wanafunzi walimwita Desimali. Jina lilitokana na tabia yake ya kutokadiria chochote: ukipata arobaini na tisa nukta tano, aliandika hivyo hivyo, na ukimwomba akusogezee hiyo nusu ufike hamsini, alikutazama kana kwamba umemwomba figo.

Alipomaliza kusahihisha, kicheko kilimwisha. Aliyeongoza alikuwa na sitini. Wa mwisho alikuwa na kumi na mbili. Waliofikisha hamsini, alama ya kumvusha mtu kwenda kidato cha nne, walikuwa watatu tu darasa zima. Mwalimu mkuu, mama mmoja aliyevaa miwani yenye kamba shingoni na asiyependa kabisa kelele za wazazi, alimwita ofisini na kufunga mlango.

"Mwalimu, hiki ni nini?"

"Ndio uwezo wao, Mkuu."

"Uwezo wao, au ubishi wako?" Aligonga karatasi kwa kidole. "Hawa hawa mwaka jana walifaulu. Wamekuwa wajinga kwa likizo moja? Bodi inakaa Ijumaa. Sikai mbele ya wazee wale na darasa zima limeanguka. Wapandishe, lakini kwa haki, asijenge mtu hoja kwamba tumempendelea fulani. Wa juu apate tisini, wa chini apate thelathini, waliobaki wajipange katikati. Hesabu zenyewe unazijua wewe."

Desimali alitoka akinung'unika, ila moyoni alikuwa amepewa pipi. Hakuna kilichompendeza kama kupewa kazi ambayo wenzake hawaiwezi. Chumba cha walimu kilikuwa na meza ndefu moja, madaftari yamerundikwa kila upande, na yeye akasimama pale mwisho wa meza kama mtu anayetoa hotuba.

"Si uwaongeze wote thelathini tu yaishe?" alisema mwalimu wa historia, akimenya chungwa.

"Nikifanya hivyo wa sitini atapata tisini, sawa. Lakini wa kumi na mbili atapata arobaini na mbili, na Mkuu anataka thelathini." Akashika kiuno cha suruali yake. "Chukua hii lastiki. Alama zao zimeshonwa juu yake, kutoka kumi na mbili hadi sitini. Hiyo ni nafasi ya arobaini na nane. Mimi nataka nafasi ya sitini, kutoka thelathini hadi tisini. Sitini gawa kwa arobaini na nane, unapata moja na robo. Basi kila mtoto namwondolea kumi na mbili, kinachobaki nazidisha kwa moja na robo, halafu naongeza thelathini. Lastiki imevutika, hakuna aliyemruka mwenzake."

"Na huku chini lastiki kashikilia nani?"

"Kifutio."

Mwalimu wa historia aliguna, akaendelea na chungwa lake. Kila mtu alimjua Kifutio. Alikuwa binti wa dobi wa mtaa wa nyuma ya shule, mrefu, mpole, anayeandika na kufuta, kuandika na kufuta, mpaka karatasi inatoboka. Hakuwa mjinga. Hakuwa na imani na mkono wake tu, na kwa hiyo kila jibu alilifuta walau mara moja kabla ya kuliamini. Desimali alishangaa kidogo kumwona na kumi na mbili. Alishangaa kidogo, kisha akageuza karatasi iliyofuata.

Mwenye alama ishirini na nane ndiye aliyekutana na hamsini barabara. Kila aliyekuwa juu ya hapo alivuka. Na miongoni mwa waliovuka alikuwemo mpwa wake Desimali, mtoto wa dada yake, aliyekuwa akiishi naye nyumba moja tangu dada huyo aachike. Binti huyo alikuwa na thelathini. Thelathini ikawa hamsini na mbili na nusu. Mjomba mtu aliikokotoa mara mbili asije akasingiziwa upendeleo, na ikawa ile ile. Jioni hiyo dada yake alipiga vigelegele jikoni mpaka jirani akachungulia dirishani kuuliza nani kaposwa.

Ijumaa bodi ilikaa, ikaona thelathini hadi tisini, ikasifu. Matokeo yakabandikwa. Kifutio alisimama mbele ya ubao wa matangazo muda mrefu kuliko wengine, kidole kwenye jina lake, akikifuata kidole hicho kwenda kulia, kisha akirudi nacho kushoto na kuanza upya. Desimali alimwona kupitia dirishani. Alifikiri, maskini, halafu akaenda kunywa chai.

Sasa njoo tuone kosa lilivyotokea.

Katika shule ile karatasi za majibu zilifungwa kwa uzi kwenye pembe. Mwanafunzi akiomba karatasi ya nyongeza, msimamizi humpa na kipande cha uzi aifungie. Siku ya mtihani wa hesabu uzi ulikwisha katikati ya mtihani, na msimamizi, badala ya kumtuma mtu dukani, aliwaambia waliobaki, "Chomekeni tu ndani, nitaziona." Msimamizi alikuwa Desimali mwenyewe. Jumatatu, alipokuwa akiziandaa karatasi awarudishie wanafunzi, aliikung'uta bahasha ya kaki zilimokuwa, na mkono ukasikia kitu kimenasa chini, penye gundi ya mkunjo. Akavuta. Zilikuwa karatasi mbili zilizoandikwa pande zote, hazina jina. Hazikuhitaji jina. Zilikuwa zimefutwa futwa mpaka zikaota manyoya.

Alifanya alichofanya maisha yake yote akipewa karatasi ya mtihani: alichukua kalamu nyekundu akasahihisha. Alikuwa peke yake, wenzake wako madarasani. Alisoma mstari kwa mstari. Alipomaliza alijumlisha, akapata ishirini na mbili. Kumi na mbili na ishirini na mbili ni thelathini na nne. Binti aliyeshika mkia alikuwa amempita hata mpwa wake.

Mara ya kwanza moyo wake ulikwenda vizuri, tumpe haki yake. Aliinuka aende kwa Mkuu. Alikuwa amekwisha kushika kitasa cha mlango, ndipo hesabu zikamrudisha kitini. Kama Kifutio hana kumi na mbili, basi wa chini ni nani? Ni kijana mmoja mwenye ishirini. Lastiki ingeanzia ishirini. Nafasi ingekuwa arobaini, na kila kitu kingebadilika: mwondolee ishirini, zidisha kwa moja na nusu, ongeza thelathini. Aliandika haraka pembezoni mwa gazeti. Kifutio angepata hamsini na moja, angevuka. Lakini mwenye ishirini na nane angeshuka mpaka arobaini na mbili. Mwenye thelathini na tatu angebaki arobaini na tisa na nusu. Watoto kumi na mmoja waliokwisha kushangilia wangeanguka, na mpwa wake angekuwa na arobaini na tano.

Alikaa akiyatazama maajabu hayo. Ujinga wa mmoja ndio uliokuwa umewainua wote. Kadiri Kifutio alivyozama ndivyo wa katikati walivyopanda, na ukimtoa yeye majini unawatosa kumi na mmoja. Hakuna mtu aliyelipanga hilo. Zilikuwa namba tu zikifanya kazi yake.

Na hapa nisije nikamtetea. Njia nyingine ilikuwepo, na aliiona. Aliiona dakika ile ile, hata kalamu hajaiweka chini. Angeweza kuiacha kanuni ya kwanza kama ilivyo, akamwingiza Kifutio kwa kanuni hiyo hiyo, akapata hamsini na saba na nusu, na hakuna hata mtoto mmoja ambaye angeshuka. Kitu pekee ambacho kingeharibika ni kwamba orodha isingekuwa tena na mtu wa thelathini. Wa chini angekuwa na arobaini. Mkuu angeuliza, yule wa thelathini kaenda wapi? Na Desimali angelazimika kusema, mbele ya Mkuu na pengine mbele ya bodi, kwamba yeye, anayekata watoto nusu alama kwa kusahau kupiga mstari chini ya jibu, alisahau karatasi mbili nzima ndani ya bahasha.

Aliiona njia hiyo, akaipita kama mtu anayepita dukani anakodaiwa. Akashika hoja ya watoto kumi na mmoja. Ile ilikuwa na huruma ndani yake, na mtu akiwa na aibu hupenda sana kujifunika huruma.

Alizikunja karatasi akaziweka mfuko wa ndani wa koti. Nyumbani alimkuta dada yake anachambua mchele uani.

"Dada, nina jambo linaniuma."

Alimweleza. Alieleza vizuri, maana ndiyo kazi yake: lastiki, ishirini, moja na nusu, watoto kumi na mmoja. Ile njia ya pili hakuigusa.

Dada yake aliacha kuchambua. "Na mwanangu?"

"Arobaini na tano."

"Arudie mwaka?"

"Arudie."

Dada mtu aliutazama mchele kwenye ungo kana kwamba jibu limo humo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amempitisha mtoto yule katika mengi, na sare ya kidato cha nne alikuwa amekwisha kumpimia fundi.

"Hakuna njia nyingine, mdogo wangu?"

"Hakuna," alisema Desimali.

"Kweli kabisa?"

"Hesabu ndivyo zilivyo."

"Basi mwache." Akausukuma ungo kando. "Mungu atanisamehe. Mmoja kwa kumi na mmoja... Mwache."

Dada yake alipokwenda dukani, Desimali aliwasha jiko la mkaa, yeye ambaye alikuwa hajui hata kiberiti kinakaa wapi. Karatasi ya kwanza ilishika moto upesi. Ya pili ilijikunja, wino mwekundu ukaonekana kwa muda, halafu ukapotea. Dada yake aliporudi aliuliza nani alikuwa anachemsha maji, akajibiwa kwamba hakuna, na hakuuliza tena.

Ungetegemea yaishe hapo. Kwa mtu mwingine yangeisha, wako watu waliofanya makubwa zaidi na wanalala wanakoroma. Desimali hakuwa na ngozi ya kazi hiyo. Dawati la Kifutio lilibaki tupu. Aliuliza darasani kwa sauti ya kawaida, wakamwambia kwamba mama yake amekataa habari ya kurudia mwaka, amesema mtoto wa thelathini hana anachotafuta shuleni, sasa anafanya kazi pale pale kwao. Wengine walicheka. Desimali aliwafokea kwa ukali uliowashangaza, kisha akageukia ubaoni akakosea kujumlisha saba na nane.

Na pale pale kwao ndipo mashati yake yalipofuliwa. Kila wiki dada yake aliyapeleka kwa dobi na kuyarudisha. Wiki ile yalirudi yamepigwa pasi namna ambayo hayajawahi kupigwa: mikono imenyooka, kola haina hata mkunjo.

"Siku hizi anapiga yule binti," dada yake alisema, akiyaweka kitandani bila kumtazama. "Mama mtu anasema ana mkono mzuri. Anarudia rudia mpaka linyooke."

Alilivaa shati moja akaenda nalo kazini, likamkereketa mgongo mzima kama limefuliwa kwa upupu. Siku ya pili alivaa fulana chini ya koti, na mwalimu wa historia akamuuliza kama amefiwa.

Kumbe dada yake naye alikuwa hali wala hanywi. Alikuwa akimpa binti yake nyama ya ziada, halafu anamgombeza bure. Aliacha kupita barabara ya dobi. Mashati ya wiki iliyofuata aliyafua mwenyewe, vibaya. Siku moja binti yake alimkuta amekaa na ile sare mpya magotini, analia, na mama akishikwa namna hiyo hana ujanja. Alimwambia yote. Alimwambia ili mtoto ajue amebebwa na nini, na pengine ili mzigo ugawanyike.

Desimali aliporudi Jumamosi mchana aliwakuta wote wawili sebuleni, wamekaa upande mmoja. Mezani palikuwa na karatasi ya hesabu, mwandiko wa mpwa wake. Hakuhitaji kuisoma.

"Mjomba, shikamoo," binti alisema, macho chini.

"Marahaba."

"Nenda nje," dada yake alimwambia binti. Alipotoka, mama mtu aliisogeza ile karatasi. "Huyu ananiambia kanuni ingeachwa ilivyo, yule mtoto angevuka, na hawa kumi na mmoja wasingeguswa. Sijui hesabu mimi. Niambie amekosea."

Desimali alikaa. Alitaka kusema habari ya Mkuu, na bodi, na thelathini. Maneno yalifika mdomoni yakaonekana yalivyo.

"Hajakosea."

"Wewe ulikuwa hujui?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Dada yake alipoanza kusema hakupaza sauti, ingawa ingekuwa heri angepaza.

"Nilikuuliza mara mbili. Nikasema nitaibeba, maana ni ya mwanangu. Nimeibeba. Nimeshindwa kumtazama mwanangu usoni kwa sababu nilidhani nimemchagua yeye nikamtupa wa mwenzangu. Kumbe hapakuwa na wa kuchagua! Ni aibu yako tu ulikuwa unaificha, ukanivisha mimi." Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Nenda kaseme. Usiponiona nikikupakulia chakula, ujue bado hujasema."

Aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Hata hivyo, na hili ndilo baya, ndani ya haya hiyo alihisi pia nafuu, kama mtu aliyeng'olewa jino.

Mwalimu mkuu alikuwa ofisini kwake hata Jumamosi, akipambana na ratiba. Desimali alisimama akamweleza kwamba karatasi za nyongeza za binti wa dobi zilibaki kwenye bahasha, kwamba alama zake za kweli ni thelathini na nne, kwamba kwa kanuni ile ile ni hamsini na saba na nusu. Alikuwa amejiandaa kwa radi.

"Basi mwandikie," Mkuu alisema.

"Lakini hatutakuwa na wa thelathini."

"Wa nini?"

"Ulisema wa chini apate thelathini."

Mkuu alivua miwani ikabaki ikining'inia. "Mwalimu, nilihitaji namba ya kuwaambia wazee. Ningesema thelathini na mbili ungekwama hapo nayo pia?" Akachukua kalamu, akarekebisha, akatia sahihi. Ilichukua muda wa kufunga kamba za viatu. "Karatasi zenyewe zilete tuziweke kwenye faili."

"Ziliharibika, Mkuu."

"Haya. Wewe sikutilii shaka, ungekuwa mwingine ningeuliza." Na akarudi kwenye ratiba yake.

Alitembea mpaka kwa dobi akiwa na ile sifa kichwani, na ilimchoma zaidi ya matusi yote aliyoyatarajia.

Duka lilikuwa chumba kimoja kirefu, chenye joto, harufu ya sabuni na nguo mbichi. Mama mtu alikuwa nyuma kwenye kamba, akasema karibu mwalimu, mashati yako hayajaletwa, akaendelea kuanika. Kifutio alikuwa mbele ya meza ya pasi. Aliweka pasi wima, akamwamkia kwa adabu.

Desimali alimwambia kwa ufupi. Kulikuwa na makosa kwenye alama zake, yamesahihishwa, amepata hamsini na saba nukta tano, Jumatatu aje shule. Alitarajia tabasamu. Binti alikuwa anatazama shati lililokuwa mbele yake.

"Asante, mwalimu. Lakini usinihurumie."

"Mimi? Wewe umewahi kunisikia nina huruma?"

Binti karibu acheke, akajizuia. "Watu wamekwambia mama kanitoa shule. Ndiyo maana umekuja. Sitaki kukaa darasani kwa alama za kupewa. Nitashindwa mbele ya safari, nitaaibika zaidi."

"Si za kupewa. Ulijibu. Ulijibu kwenye karatasi za nyongeza, zikabaki kwenye bahasha."

Mkono wa binti ulitulia juu ya kola.

"Nilidhani nilijibu," alisema polepole. "Siku ile kwenye ubao nilidhani. Nilikumbuka kabisa nimejaza karatasi mbili. Halafu nikaona, kama nilizijaza na bado nina thelathini, basi nilichojaza ni takataka. Basi hata nikiona najua, sijui. Nikamwambia mama ni kweli, siwezi." Akamtazama. "Ziko wapi, mwalimu? Nizione."

Hapo ndipo alipotaka kusema ziliharibika. Neno lilikuwa tayari, lilikuwa limekwisha kufanya kazi mara moja siku hiyo hiyo.

"Nilizichoma," alisema.

"Kwa nini?"

"Nilikosea kuzisahau, nikaona aibu kusema."

Binti hakuelewa, au alielewa akaliweka kando kwanza, kwa maana kulikuwa na jambo alilolihitaji zaidi. "Kwa hiyo hakuna. Kwa hiyo hamsini na saba hiyo ni ya kukisia."

"Hapana! Sikisii mimi!" Alipaza sauti mpaka mama mtu akageuka kule kwenye kamba. Akaishusha. "Swali la sita. Tenki la mviringo. Ulipata ujazo lita elfu moja mia tano na arobaini. Kisha nikauliza bomba la lita ishirini kwa dakika litalijaza kwa muda gani. Wenzako waligawa. Wewe ulichora ndoo pembeni, ukaifuta, lakini alama yake ilibaki. Ulihesabu ndoo. Ukaandika dakika sabini na saba, ukafuta, ukaandika saa moja na dakika kumi na saba."

Binti alikuwa amefumba macho.

"Swali la nane," Desimali aliendelea, jasho linamtoka, "ulisahau alama ya kutoa mstari wa pili. Ukaendelea nayo mstari wa tatu. Wa nne ukaigundua, ukairudisha, jibu likatoka sawa. Nilikukata moja. La tisa hukulimaliza, lakini mchoro wako ulikuwa sahihi, pembe ulizitaja zote. Nikakupa tatu."

"Nilijua," alisema Kifutio. "Nilijua ni sabini na saba. Nilijua ile alama nimeirudisha." Uso wake ulifunguka wote, na kwa muda mfupi akawa mtoto aliyefaulu mtihani, akacheka na machozi yakiwa njiani. Desimali naye akaanza kutabasamu, akidhani amefika.

Kisha kicheko kikaondoka usoni mwa binti taratibu, na alipofumbua macho alimtazama namna ambayo hajawahi kutazamwa na mwanafunzi.

"Kwa hiyo ulizisoma."

"Ndiyo."

"Ulizisoma zote. Ukanisahihisha."

"Ndiyo."

"Ndipo ukazichoma."

Hapakuwa na njia ya kulijibu swali hilo kwa nusu. Alitikisa kichwa kukubali, akiwa amesimama katikati ya mashati ya watu.

Kifutio alichukua pasi, akaijaribu kwa kidole kilichotiwa mate, akaishusha kwenye mkono wa shati.

"Jumatatu nitakuja shule," alisema. Halafu, bila kuinua macho, akaita kuelekea nyuma, kwa sauti ya adabu kabisa, "Mama, mwalimu anaondoka."

Desimali alikuwa hajaaga.